Mama ameacha vidonge vya sukari kwa ajili ya leza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Tanga na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 67. Mama ana sukari, mwaka wa kumi na moja huu, na magoti yanamtesa kiasi kwamba tangu mwaka juzi anasali amekaa kitini. Hospitali walimpiga picha wakatuambia magoti yamesagika, la kulia limezidi. Wakamwandikia dawa za maumivu, wakamwambia apunguze mwili, tukarudi nyumbani.

Miezi miwili iliyopita jirani alimpeleka kwenye kituo kimoja cha tiba mbadala hapa mjini. Wana mashine ya leza. Wanasema ni akupancha ile ile ya Wachina, ila badala ya kuchoma sindano wanamulika mwanga kwenye pointi za mwili, haiumi wala haitoi damu. Kikao kimoja ni shilingi 25,000 na wanataka vikao 20. Kaka yangu aliyeko Muscat alituma laki tano yote kwa mkupuo.

Shangazi, siwezi kusema uongo, mama alipata nafuu. Baada ya kikao cha nne alikwenda sokoni Ngamiani kwa miguu yake akarudi na samaki, jambo ambalo tulishalisahau. Nilifurahi. Lakini nikaingia mtandaoni kusoma, nikakuta wanasayansi waliipima leza hiyo kwa wagonjwa wa magoti wakaona haina tofauti na mashine iliyozimwa. Nikamwambia mama, tena mbele ya jirani, kwamba anajidanganya na pesa za kaka zinaliwa bure. Hakunijibu. Tangu siku hiyo hataki nimsindikize, anakwenda na mtoto wa jirani, na akirudi hanisimulii kitu. Kaka naye alinipigia simu kwa ukali, akanitumia tafiti zake zinazosema leza inasaidia. Kila mmoja ana utafiti wake mkononi na tunagombana.

Kilichonitisha zaidi nimekikuta juzi. Nilikuwa natandika kitanda chake, chini ya godoro kuna vidonge vya sukari vya wiki tatu havijaguswa. Nilipomuuliza akasema kituoni wamemwambia vidonge vinaharibu figo, na kwamba leza itaamsha kongosho lifanye kazi lenyewe. Sasa wanamtaka aanze kifurushi kingine, cha sukari, shilingi milioni moja na laki mbili.

Utafiti upi ni wa kweli? Na nitazungumza vipi na mama wakati nilishamvunjia heshima?

Binti wa Tanga


Marahaba mwanangu.

Nianze na vidonge, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri na hili haliwezi. Mtu aliyeishi na sukari miaka kumi na moja akikaa wiki tatu bila dawa yuko hatarini hata kama anatembea na kucheka. Mpeleke leo akapimwe, kituo cha afya kilicho karibu kinatosha. Muulize kama ana kiu isiyokatika, kama anaamka usiku kukojoa kuliko kawaida yake, kama macho yanafifia. Ukimwona anatapika, anasinzia ovyo au maneno yanamchanganya, achana na foleni ya kituo, mkimbize hospitali kubwa. Na daktari aambiwe wazi kwamba dawa ziliachwa kwa wiki tatu. Nasisitiza hilo kwa sababu mgonjwa huona haya akanyamaza, daktari naye akiona sukari imepanda hudhani dawa zimeshindwa nguvu, akamwongezea kipimo ambacho hakikuhitajika.

Hilo la vidonge kuharibu figo limeenea sana mitaani na linauma, maana ukweli ni kinyume chake. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe ikiachwa juu kwa miaka, pamoja na presha. Daktari hupima figo za mgonjwa anayetumia metformin, kidonge cha sukari kinachotumika sana, ili ajue kipimo gani kinamfaa, kwa kuwa figo zilizochoka hushindwa kuitoa dawa mwilini. Nadhani hapo ndipo watu walipopindua maneno. Na hakuna mwongozo wa kutibu kisukari, uwe wa Wizara ya Afya au wa Shirika la Afya Duniani, unaomwambia mgonjwa aweke vidonge pembeni kwa ajili ya leza. Aliyemwambia mama yako hivyo amevuka mpaka, na kwa hilo peke yake kifurushi cha milioni moja na laki mbili kisinunuliwe.

Haya, tuje kwenye ugomvi wako na kaka yako.

Kwa maelezo yako, nadhani wewe ulisoma utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2014 kwenye jarida la JAMA. Ninaupenda utafiti huo, na nitakueleza kwa nini. Walichukua watu 282 wenye miaka 50 na kuendelea ambao magoti yamewauma kwa muda mrefu, wakawagawa kwa kura mafungu manne. Fungu la kwanza walichomwa sindano, la pili walimulikwa leza kwenye pointi, la tatu waliwekewa mashine ile ile lakini haitoi leza, la nne hawakufanyiwa kitu. Kazi ilichukua wiki 12. Katika mafungu yale mawili ya mashine hakuna aliyejua ipi inawaka na ipi haiwaki, mgonjwa hajui na daktari aliyeishika hajui. Na wale wa fungu la nne hawakujua hata kwamba kuna wenzao wanaochomwa sindano, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kununa kwamba yeye amenyimwa.

Usione hayo ni madogo. Ukitaka kupima kidonge, unatengeneza kingine cha unga mtupu kinachofanana nacho, basi. Sindano utaiigiza vipi? Mwaka 1998 daktari mmoja wa Heidelberg, Ujerumani, Konrad Streitberger, alitangaza sindano butu ambayo ikigusa ngozi inarudi ndani ya mpini wake. Mgonjwa anahisi mchomo, anaiona imesimama, kumbe haijaingia. Ni ufundi mzuri, lakini mchomaji anajua anachofanya, na mtu akijua, sauti na uso wake hubadilika hata asipotaka. Leza ndiyo iliyowaondolea watafiti shida hiyo, kwa kuwa mwanga wa infraredi hauonekani kwa macho na ule wa nguvu ndogo hausikiki kwenye ngozi. Mashine inaweza kutegwa na mtu mwingine asubuhi, na chumbani akabaki Mungu peke yake anayejua.

Matokeo yake ni haya. Baada ya wiki 12, waliochomwa sindano na waliomulikwa leza walikuwa na maumivu pungufu kuliko wasiofanyiwa kitu, ila si kwa wingi, kama alama moja kwenye kipimo cha maumivu cha sifuri hadi kumi. Leza ya kweli haikuishinda ya kuigiza. Na mwaka mmoja baadaye hata ile nafuu ndogo haikuonekana tena.

Miaka kadhaa kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamefanya jaribio la sindano lenye wagonjwa wa magoti 1,007, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Ngoja nikupe namba zake, maana ugomvi wenu wote umo humo. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 53.1 kati ya waliochomwa kwenye pointi za Kichina, asilimia 51.0 kati ya waliochomwa juujuu mahali pasipo pointi, na asilimia 29.1 kati ya waliomwona daktari wakapewa dawa za kawaida za maumivu.

Wewe ni kama umetazama namba mbili za kwanza, ukasema pointi za Kichina si kitu, mtu akichomwa popote ni yale yale. Kaka yako ni kama ametazama ya kwanza na ya tatu, akasema tiba inakaribia kuwazidi maradufu wale wa dawa za hospitali. Hakuna aliyesema uongo. Hata serikali zimegawanyika hivyo hivyo: Ujerumani iliamua baada ya majaribio hayo kwamba bima za umma zilipie sindano za mgongo na za goti, na Uingereza taasisi yao ya NICE, inayowaandikia madaktari miongozo ya tiba, kwenye mwongozo wa mwaka 2022, ikaagiza wagonjwa wa kusagika viungo wasipewe akupancha. Kwa hiyo mtu akikuletea utafiti unaosema tiba fulani inafanya kazi, muulize kwanza ililinganishwa na nini. Kulinganishwa na kukaa bure ni jambo moja, kulinganishwa na tiba ya kuigiza ni jambo jingine kabisa.

Kuna kingine ambacho lazima nikiseme ili nisimdhulumu kaka yako. Mwaka 2019 jarida la BMJ Open lilichapisha mapitio ya majaribio 22 ya leza ya nguvu ndogo kwa magoti yaliyosagika, jumla ya watu 1,063, na humo leza ya kweli iliishinda ya kuigiza pale ilipotolewa kwa kipimo kinachotakiwa. Huenda ndio aliokutumia. Lakini hiyo ni leza inayoelekezwa kwenye goti lenyewe, kwenye kiungo kinachouma, na kipimo chake kinahesabiwa, nanomita zikipima urefu wa wimbi la mwanga na juli zikipima nishati inayotoka: urefu wa wimbi wa nanomita 785 hadi 860 ukitoa juli 4 hadi 8 kwa kila sehemu, au nanomita 904 ukitoa juli 1 hadi 3. Kumulika pointi ya sikioni au ya kiganjani kwa ajili ya goti ni kitu kingine, hata kama mashine zinafanana. Kwa hiyo ukifika pale kituoni waulize kwa adabu mashine yao ni ya nanomita ngapi na inatoa juli ngapi kwa kila sehemu. Mtu aliyesomea kazi hiyo atakujibu hapo hapo na pengine atafurahi umemuuliza. Anayekujibu kwamba ni teknolojia ya kisasa kutoka ng'ambo, basi hajui anachomwekea mama yako mwilini.

Waulize pia miwani ya kuzuia mwanga iko wapi. Leza ya infraredi haionekani, kwa hiyo jicho halipepesi kujikinga, na ikiingia moja kwa moja inaweza kuunguza sehemu ya nyuma ya jicho. Mgonjwa wa sukari macho yake tayari yana kesi.

Tuje kwa mama. Ulimwambia anajidanganya. Mwanangu, hapo ulikosea, na ulikosea kwa upande wa utafiti pia, achilia mbali adabu. Nenda kaangalie tena fungu la tatu la Australia na fungu la pili la Ujerumani. Wale watu hawakupata leza wala pointi za Kichina, na bado wengi wao waliinuka na kutembea. Kutembea kwao kulikuwa kwa kweli. Mama yako alikwenda Ngamiani akarudi na samaki, hao samaki mliwala.

Kuna utafiti mmoja wa Boston ambao kila nikiukumbuka namwona mgonjwa wa kwetu anavyokaa kwenye benchi la hospitali. Ted Kaptchuk na wenzake, mwaka 2008, walichukua watu 262 wenye matatizo sugu ya utumbo. Wote waliochomwa, walichomwa kwa sindano za kuigiza, hakuna hata moja ya kweli. Tofauti ilikuwa kwenye namna ya kupokelewa. Waliowekwa kwenye orodha ya kusubiri, asilimia 28 walisema wamepata nafuu ya kutosha. Waliowekewa sindano za kuigiza na mtu asiyezungumza sana, asilimia 44. Waliowekewa zile zile na mtu aliyekaa nao, akawauliza maisha yao, akawasikiliza na kuwapa moyo, asilimia 62.

Sasa fikiria mama yako. Hospitali alipewa karatasi ya dawa akaambiwa apunguze mwili. Kule kituoni analazwa kwenye kitanda safi, anaulizwa goti limelalaje, kuna mtu anamgusa mguu kwa upole nusu saa nzima, mara mbili kwa wiki. Mimi nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi na ninakuambia, hicho peke yake wagonjwa wetu wamekikosa mno. Wanaotumia kiu hiyo kuuza kongosho linaloamshwa kwa mwanga wananiudhi kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Lakini mgonjwa aliyekwenda pale kutafuta kusikilizwa hana kosa.

Kwa hiyo mwombe radhi kwanza, na kwa kuwa ulimsema mbele ya jirani, radhi nayo aisikie huyo jirani. Usiitie "lakini" ndani yake. Mwambie, "Mama nisamehe, goti ni lako na wewe ndiye unayejua linavyouma." Unyamaze hapo. Habari ya vidonge iingie baadaye siku hiyo hiyo, nayo usiilete kama hukumu ya leza. Mwambie unaogopa, na kwamba unataka mkapime sukari pamoja. Akikataa kwa ajili yako, mpigie kaka yako amwombe yeye. Najua kaka ana hasira, ila ukimweleza kwamba dawa zimeachwa na kwamba huitaki ligi ya tafiti tena, hatakuwa na la kubishana.

Vikao vya goti vilivyokwisha kulipiwa, mwache amalizie kama anavipenda, kwa sharti kwamba vidonge vinamezwa kama daktari atakavyosema, miwani inavaliwa, na hakuna mtu pale anayempangia dawa. Unafuu mmoja wa leza ni kwamba haitoboi ngozi. Siku wakitaka kuhamia sindano zenyewe, hakikisha kila sindano inafunguliwa mbele yenu kutoka kwenye pakiti iliyofungwa na inatupwa baada ya kutumika, na nyayo zake zisichomwe, kidonda cha mguu kwa mwenye sukari si cha kuchezea. Sina chuki na sindano za Wachina. Madaktari wao wapo Zanzibar tangu mwaka 1964. Na mwaka 2018 Andrew Vickers na wenzake walipojumlisha majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827 wa maumivu sugu, sindano ya kweli iliizidi ya kuigiza, ingawa kwa kiasi kidogo. Baada ya vikao hivyo 20, mimi nisingelipia vingine.

Pesa hiyo ningeipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Misuli ya paja ndiyo inayobeba goti, na kwa goti lililosagika mazoezi yana ushahidi mzuri kuliko leza na sindano zote. Mnaweza kuanza nyumbani. Mama akae kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja mpaka uwe sawa, auzuie hapo huku akihesabu mpaka kumi, aushushe taratibu, kisha mguu wa pili, mara kumi kila mmoja asubuhi na jioni. Akizoea, ajaribu kuinuka kitini bila kushika popote, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani. Siku za mwanzo misuli itauma kidogo, hiyo ni kawaida. Goti likivimba, apumzike siku mbili na apunguze. Na ule ushauri wa kupunguza mwili waliouacha hewani hospitali una hesabu yake: watafiti wa Marekani walipima wakaona kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Mama akipungua kilo tatu tu, goti limetuliwa kilo kumi na mbili. Mwambie namba hiyo, inatia moyo kuliko kuambiwa "wewe mnene". Dawa za maumivu alizoandikiwa zionyeshwe kwa daktari huyo atakayempima sukari, hasa kama ni diklofenaki ya kumeza na mama ana presha. Hizo ndizo zinazohitaji uangalizi wa figo. Ya kupaka ni salama zaidi kwake.

Fanyeni mazoezi hayo pamoja. Zile nusu saa mbili za kusikilizwa anazozipata kule kwa 25,000, nyingine azipate kwako sebuleni, umshike mguu, umuulize limelalaje.

Ukishapima, niandikie namba iliyosomeka na mlichoambiwa kituo cha afya. Na uniambie mama amekujibu nini.